Shaffati Ndogo ya Mkononi

Jumapili, 9 Februari

Likizo ya uzazi imekwisha. Nimerudi kazini. Ofisi ni ile ile: makabati ya kijani, kalenda ya mwaka juzi, harufu ya magunia. Tunauza mbegu Mansoura nzima na vijiji vyake, na hakuna kati yetu aliyewahi kuotesha hata ua moja dirishani. Nikakaa kwenye kiti changu. Nikalia kidogo. Nikasema ni mafua.

Zein nimemwacha kwa Mama, yaani mama mkwe, mama yake mume wangu Hatim. Ana miezi minne tu. Alinitazama mpaka nikasahau kuvaa viatu. Nimefika kazini na ndala.

Mama alikuwa ameisubiri siku hii. Kasema mwanamke wa ofisini maziwa yake hayakai, yanakwenda zake. Kasema ananipa mpaka Alhamisi, chupa nilizogandisha likizoni zitakapokwisha. Jioni ya Alhamisi akiona chupa ninazoleta hazimtoshi mjukuu wake, anafungua maziwa ya kopo na mazungumzo yamekwisha. Kopo lenyewe kashanunua. Liko juu ya kabati la vyombo, limenielekea mimi.

Silitaki. Kutwa nzima mwingine ndiye anayembeba mwanangu, anayemwogesha, anayemchekesha. Maziwa ndiyo kitu pekee ninachoweza kumpa nikiwa sipo. Wakinichukulia na hicho, mimi nitakuwa mpangaji tu anayekuja kulala.

Shaffati ninayo. Ni mashine ndogo ya kukamulia maziwa, ya betri, ya mkononi, zawadi ya dada yangu. Tatizo ni mahali. Ofisi yetu ni chumba kimoja, watu sita, choo kimoja, na Bi Shahira wa mahesabu, ambaye huhesabu hata muda wa wenzake chooni.

Hatim anasema nimweleze meneja, basi. Eti sheria iko upande wangu. Sheria! Ile saa ya kunyonyesha nimeshaichukua mwisho wa siku, natoka mapema kama wanawake wote. Na nimweleze nini Bwana Wagdi? Mtu wa masharubu, mtu wa kizibao, anayemwita mke wake "jamaa wa nyumbani" asije akamtaja. Huyo nimtamkie maziwa? Tena yangu? Bora nihamie Aswan, kusini kabisa.

Sihitaji ruhusa ya mtu. Ninachohitaji ni gauni. Nimeshalichora. Nimeanza pia kunywa uwatu, glasi baada ya glasi, na halua ya ufuta kwa kijiko. Wanawake wote wa jengo letu wanaapa kwamba uwatu huongeza maziwa.

Jumatatu, 10 Februari

Gauni lilikuwa tayari asubuhi. Wazo zuri ajabu! Zipu mbili zilizojificha chini ya marinda, moja kila upande, na juu yake ushungi mrefu. Unakaa mezani kama kawaida. Mkono mmoja kwenye kalamu, wa pili unafungua. Nani atajua?

Zipu nimezitoa kwenye foronya za makochi. Mama, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi cherehani, alikuja akasimama mlangoni. Akauliza nimepima nikiwa nimesimama au nimekaa. Nikamwambia asante Mama, najua ninachofanya. Akasema haya. Ana namna yake ya kusema haya.

Nilipima nikiwa nimelala. Nilikuwa namnyonyesha Zein wakati huo huo, na gauni lilikuwa limepanda juu. Sikuona kwamba hilo ni jambo la kutajwa.

Ulipofika wakati wa chai nikafungua zipu ya kulia, polepole, chini ya ushungi. Nikasikia baridi. Nikapapasa. Tumbo! Nikafungua ya kushoto. Tumbo, upande wake wa pili.

Nikalivuta gauni juu, pindo likanipanda magotini. Nikaona basi nijishushe mimi. Nikateleza kwenye kiti mpaka kidevu kikagusa meza. Bwana Wagdi akapita, akauliza Bi Rawia umepoteza nini. Nikasema kalamu. Mungu wangu, akapiga magoti kunisaidia kutafuta. Kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Katika kufunga, zipu ikauma ushungi. Haikwenda mbele wala nyuma. Kutwa nimeinama, kichwa kimefungwa na tumbo. Wateja walidhani nawaheshimu sana. Mmoja akanunua gunia zima la mbegu za vitunguu. Bi Shahira akaninong'oneza: "Shoga, tumbo limeomba hewa?" Yule mwanamke ana chuki na mimi. Sijui nilimkosea nini.

Mchana akaingia mkulima na mkewe na kichanga. Kichanga kikalia. Maziwa hayana habari mtoto ni wa nani. Yakatoka. Nimemaliza siku nimekumbatia faili la viazi kifuani.

Chupa imerudi nyumbani kavu. Mama akaitazama chupa, akalitazama kopo. Bora angesema.

Jumanne, 11 Februari

Gauni limening'inia nyuma ya mlango. Sina haja nalo. Leo nimevaa koti la sufu la Hatim, lile kubwa la mazishi. Chini yake mashine, chini ya mashine mimi. Hakuna zipu, hakuna kuinama, na nje kuna baridi kwa hiyo hakuna maswali. Nikajisifu njia nzima.

Nilisahau kwamba mashine ina sauti. Nyumbani haisikiki, kwa sababu nyumbani kuna Mama. Ofisini nikaiwasha, ikaanza: krii-fwaa, krii-fwaa. Wote wakanyanyua vichwa. Bwana Wagdi akasema printa inakufa. Nikazima. Printa ikapona. Nikawasha tena, printa ikaugua tena. Akaizungukia, akaipiga makofi ubavuni, akainamisha sikio. Akaita fundi. Fundi akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema hii ni ya kufunguliwa tumbo. Wameibeba. Printa nzima kabisa!

Sasa hatuna printa, na mimi sina maziwa. Matone tu. Kifua kinauma hata kuvaa mkoba siwezi. Nikaenda chooni nikakamua kwa mkono nikamwaga, huku Bi Shahira anabisha hodi anauliza kama niko hai. Nikalia. Safari hii sikusema ni mafua, maana mle ndani hakuna aliyekuwepo wa kuambiwa.

Ndipo nikaamua. Nitazungumza na Bwana Wagdi! Kwa heshima, kwa mafumbo kidogo, bila kutaja kiungo chochote. Nikaenda mezani kwake. Nikasema, Bwana Wagdi, samahani, nina haja ya shaffati humu ofisini, nadhani unaelewa kwa nini.

Akaelewa! Uso ulimng'aa. Akasema siku tatu hizi alikuwa analiwaza jambo hilo hilo, ila aliona aibu kuanza yeye. Akasema laiti kila mtu angekuwa muungwana kama mimi.

Nilitaka kuzimia kwa furaha. Akauliza ya ukubwa gani. Nikasema ndogo tu, ya mkononi. Akasema hapana, tukifanya jambo tulifanye vizuri, ofisi itanunua kubwa, ya umeme, inayovuta kwa nguvu. Nikainamisha macho. Nikasema kwa nguvu sana itaumiza. Akacheka, akasema utazoea. Akauliza iwe karibu na dirisha? Nikasema la hasha, mbali na dirisha! Akashangaa kidogo, akasema basi watanyoosha bomba. Mwisho akasema itatufaa sote, itavuta ya watu wote sita kwa pamoja.

Ya wote? Hapo sikuelewa. Bi Shahira wanawe wako chuo kikuu. Na yeye Bwana Wagdi je? Lakini mtu akikutendea wema huanzi kumhoji.

Nimemwambia Mama kwamba mimi na meneja tumeelewana kabisa. Mama akasema haya.

Jumatano, 12 Februari

Nilipofika mafundi walikuwa juu ya meza yangu, na viatu. Wametoboa ukuta. Wamefunga feni ya jikoni. Ile ya kuvuta moshi na harufu ya vitunguu, pana kama sinia la harusi, na bomba lake linapita juu ya kichwa changu mpaka dirishani.

Shaffati! Mimi nimesema shaffati. Ya maziwa inaitwa shaffati, na ya moshi inaitwa shaffati, na miaka yote hii hakuna aliyeona kwamba siku moja mtu ataumia.

Lakini kwa nini juu ya meza yangu? Bi Shahira ndiye aliyenieleza, bila huruma. Nanuka uwatu. Tangu Jumapili. Nikipita, kinapita kibanda cha viungo. Bwana Wagdi alidhani najijua, na nimeomba mwenyewe dawa ya harufu yangu. Huo ndio uungwana alioutaja.

Wakaiwasha. Ikanivuta ushungi mpaka ukanyooka juu. Ikavuta risiti mbili na nusu ya sandwichi ya ful, yale maharage ya kuponda. Bwana Wagdi akasimama chini yake akavuta pumzi ndefu, akaniinulia dole gumba.

Nikamshukuru.

Ila akili yangu hailali. Ile kelele ya feni ilikuwa inafunika kila sauti, na mle ndani nyuma kuna stoo ya mbegu. Nikanyata. Nikakaa juu ya magunia ya viazi, nikafunga mlango kwa mguu, nikawasha mashine. Krii-fwaa, na hakuna aliyesikia! Nikaiwazia mikono ya Zein, ile ya kunenepa, na maziwa yakaja kwa kasi. Nilijaza. Nilijaza mpaka shingoni mwa chupa! Mama sasa atasema nini?

Mle stoo kuna friji la sampuli, za udongo na dawa wanazoleta wakulima. Chupa ya mtoto ingenisaliti. Nikamimina kwenye chupa mpya ya sampuli, nikabandika karatasi kwa herufi kubwa: SAMPULI. HATARI. USIGUSE. Nikatoka nikamhudumia mteja mmoja tu wa matango.

Niliporudi friji lilikuwa tupu. Dereva wa maabara alipita. Sampuli zote huenda maabara. Bila shaka huenda! Ni mimi mwenyewe ndiye ninayemsainia kila Jumatano.

Mama ameliteremsha kopo kutoka juu ya kabati. Sasa liko mezani. Kesho ni Alhamisi.

Alhamisi, 13 Februari

Siwezi kuandika vizuri. Sijui ni aibu au ni kitu gani.

Asubuhi Bwana Wagdi akatuita wote. Simu ya maabara ilikuwa wazi, sauti juu. Mtaalamu akasema ile chupa iliyoandikwa hatari imewasumbua sana. Si dawa. Si mbolea. Ni maziwa. Bwana Wagdi akauliza maziwa ya nini. Mtaalamu akasema hapo ndipo pagumu. Ya nyati wa kufugwa siyo, mafuta hayatoshi. Ya ng'ombe siyo, yana utamu mwingi. Akafikiri. Akasema kwa maoni yake ni ya punda.

Punda! Na mafuta hayatoshi! Baada ya halua yote ile!

Bwana Wagdi akakata simu. Akatutazama mmoja mmoja. Akasema kwa uchungu kwamba yeye ni mtu mvumilivu, lakini kama kuna anayefuga punda kwenye stoo ya kampuni ajitokeze sasa hivi. Feni ikavuma. Akaagiza stoo ikaguliwe. Wakarudi na kijiko cha halua, wakasema mnyama ameshahamishwa.

Ningeweza kusema. Midomo nilifungua. Kikatoka kikohozi.

Ndipo Bi Shahira akasimama. Akapiga kikokotoo mezani. "Punda gani, Bwana Wagdi? Maziwa ya Rawia hayo! Ana mtoto mchanga, na tangu Jumatatu anakamua kwa kujificha utadhani anaiba. Kila mtu humu anajua isipokuwa wewe na printa!"

Nilitaka feni inimeze.

Lakini hakuishia hapo. Akasema kwamba alipojifungua binti yake wa kwanza alikuwa kwenye ofisi hii hii, meza ile ile, na aliona aibu kusema. Akawa anamwaga chooni. Wiki ya tatu yakakauka. Akasema mpaka leo akimtazama yule binti, mzima, mrefu, anasoma udaktari, bado linamchoma. Ndiyo maana alikuwa anabisha hodi chooni. Alitaka kuniambia. Ila kila akianza, linatoka neno jingine.

Kumbe. Na mimi nilidhani ni chuki. Nilimtazama yule mwanamke na sikujua nimshike mkono au nikimbie.

Bwana Wagdi alikuwa mwekundu mpaka kwenye kizibao. Akasema jamaa wa nyumbani kwake alikuwa mwalimu, aliwakamulia mabinti wanne katika chumba cha ramani cha shule, na chupa aliziosha yeye mwenyewe kila jioni, kwa brashi, anajua hata ukubwa wa brashi. Akasema, Bi Rawia, si ungesema tu? Nikamwambia nilisema! Nilisema shaffati! Wote sita tukainua macho kuitazama ile feni. Nikaanza kucheka mimi, wakafuata wao, Bwana Wagdi akacheka mpaka akafuta macho kwa tai.

Stoo ni yangu. Na ufunguo wake. Bi Shahira akaweka kiti chake nje ya mlango, akakaa na hesabu zake, na aliyepita aliulizwa anakwenda wapi. Nilikamua mara mbili. Chupa mbili zimejaa, na hazikwenda maabara.

Nyumbani nikazisimamisha mezani. Mama alikuwa amebadilisha nguo, amevaa gauni la zamani. Hatim akanikonyeza. Kumbe Mama hakungoja jioni, alifungua kopo mchana. Zein akaonja, akafikiri, akamtemea yote kwenye kanzu yake ya Ijumaa. Mama akazichukua chupa zangu akazitazama kwenye mwanga. Akasema kesho nisiende popote, ana cherehani.

Ijumaa, 14 Februari

Mama ameshona. Bila zipu. Vipande viwili vya kifuani vinapishana, kimoja juu ya kingine, na pindo limelala vizuri huoni kitu. Unasogeza kwa kidole, basi. Ndani ametia kitambaa cha pamba kizito cha kunyonya yanayovuja, kinachotoka na kufuliwa. Mifuko miwili mirefu ya kuwekea chupa. Alinipima nikiwa nimesimama, halafu nimekaa, na pini mdomoni ili asilazimike kuongea na mimi.

Nikamuuliza kwa nini hakunishonea tangu mwanzo. Akatoa pini. Akasema hukuniomba.

Ni gauni zuri kuliko yote niliyowahi kuvaa. Nilimbusu kichwani. Akasema nitamchoma na pini.

Kuanzia leo nitakuwa mtu wa kusema mambo waziwazi. Nimeapa.

Jumapili, 16 Februari

Siku ilianza vizuri sana. Gauni jipya, stoo yangu, Bi Shahira mlangoni. Bwana Wagdi akaja kwa heshima zote, amegeuza uso pembeni, akauliza kama kuna kilichopungua.

Kilichopungua ni kiti. Magunia ya viazi yanachoma. Kiti! Neno jepesi kabisa. Lakini nikawaza, nikisema kiti ataanza kuwaza cha kufanyia nini, na atamwona mtu amekaa, na huyo mtu ni mimi. Nikaona nilizungushe kidogo, kwa adabu tu. Nikasema, Bwana Wagdi, kwa hii hali yangu, siwezi kuendelea kukaa juu ya magunia.

Akanitazama. Akalitazama tumbo, ambalo nakiri kwamba halua imelifikia. Akasema tena? Nikasema ndiyo, tena, nikidhani anauliza kukamua. Akasema mashaallah, mapema hivi! Nikasema nimeanza tangu wiki iliyopita. Akauliza kama Hatim anajua. Nikasema anajua, yeye ndiye aliyenishauri. Akatikisa kichwa akasema vijana wa siku hizi hawana subira. Sikuelewa, lakini kiti kikaja papo hapo, na mto.

Kisha akampigia simu Hatim kumpa hongera. Hatim akampigia Mama.

Nimerudi nyumbani, nimekuta kopo liko wazi na kijiko ndani yake. Mama amesema maziwa ya mja mzito yanabemenda mtoto, na mjukuu wake hatatia tone la maziwa yangu mdomoni tangu dakika hii. Chupa zangu mbili zimemwagwa kwenye sinki. Zein amekunja uso, analia. Hatim amekaa kwenye kochi anahesabu vidole na kurudia.

Ningesema pale pale kwamba sina mimba. Lakini mjomba wake Hatim yuko sebuleni, mtu mzima na fimbo yake, na mambo hayo hayatamkwi mbele yake. Nikasema tu kwamba kuna feni mahali ilipotakiwa mashine. Wakatazamana. Mama akanigusa paji la uso, akasema mimba changa ndivyo zilivyo.

Hakuna neno. Nimeshajua la kufanya, tena bila kutamka lolote. Lile gauni langu la kwanza bado liko nyuma ya mlango. Mjomba akiondoka tu nitalivaa, nitasimama mbele ya Mama, nitafungua zipu zote mbili, ajionee mwenyewe kwamba tumboni hamna kitu. Nilijua tangu mwanzo kwamba lile gauni lina kazi yake.